Wembe Uliowekwa Karantini

Bwera, 19 Aprili 2020

Shemeji Sosthène, kinyozi wa Kasindi,

Habari ya ng'ambo? Magoti yanasemaje, na lile sikio lako lililokufa, halijafufuka? Binti yako Alliance hajambo? Sisi huku tupo, tunanawa mikono mpaka mistari ya viganja inataka kufutika.

Ningekupigia simu, lakini kuongea na wewe kwa simu ni kama kuhubiria jiwe, na mtandao ukikatika bado unaendelea kuitikia peke yako. Kwa hiyo nimeshika kalamu, mimi wa darasa la tano, na barua ataileta Kiiza dereva. Watu wamekatazwa kuvuka daraja, lakini saruji imeruhusiwa.

Najua Kiiza alikwisha kukupa habari kwa mdomo. Dada yako Emérance ametuacha, Alhamisi ya pili baada ya daraja kufungwa. Siyo huu ugonjwa wao. Ni moyo ule ule. Alikuwa anachambua maharage mlangoni, akasema anapumzika kidogo, bakuli likabaki magotini. Watu wa afya walikuja wakampima joto mtu aliyekwisha kuwa baridi. Nilitaka kucheka. Yeye angecheka. Kaburini, kwenye migomba yetu, afande alituhesabu kama mbuzi wa mnada, akasema tumezidi wawili. Nikamwambia basi atutoe mimi na marehemu.

Sasa neno lenyewe. Desturi unaijua, kwa sababu mto haukugawanya mababu zetu. Mwanamume aliyefiwa na mke hanyoi kichwa wala ndevu, na halali kitandani. Analala mkekani mpaka ndugu wa mwanamke aje amnyoe. Mtu mwingine akininyoa huo ni usafi tu, msiba unabaki ndani ya nyumba. Emérance alikuwa na kaka mmoja. Kwa bahati yake mbaya ni wewe. Kwa bahati yangu nzuri wewe ni kinyozi.

Unakumbuka mwaka wa sabini na tatu? Kibanda chako cha mabati karibu na daraja, pazia la kitenge chenye picha za kuku. Nyuma ya pazia alikaa dada yako, na hakutoka mpaka mteja amalize kunyolewa, ndipo analeta karai la maji yenye chumvi ya Katwe amwoshe kichwa. Ningefanyaje? Nilinyolewa Jumanne ya soko, nikanyolewa Ijumaa, Jumanne nikarudi. Ukaniuliza, "Wewe, leo ninyoe nini, ngozi?" Nikakuambia nyoa hata hiyo ngozi. Na kila nilipogeuza shingo kuangalia pazia ulinipiga kofi la kisogo: kaa sawa. Vidole vyako viko huku nyuma mpaka leo.

Daraja likifunguliwa njoo na sanduku lako. Nakungoja mkekani.

Shemeji yako,
Eridadi


Kasindi, 6 Mei 2020

Shemeki Eridadi,

Salamu mingi kwa jina la Yesu na la Mama Maria, hata kama ninyi Baprotestanti hamumusalimie. Mwili iko aje? Unakula? Nani anakupikia? Huyu mujukuu wako Clare anajua kutia chumvi?

Siku Kiiza alinipa habari nilifunga kibanda. Nikatembea mpaka ku bariere ya daraja. Milima yenu ilikuwa inaonekana vizuri, mpaka moshi ya majiko. Nikamwambia askari, dada yangu iko kule. Akasema, papa, batu bote beko na dada, rudi nyumbani. Nikakaa pale ku jiwe mpaka jua ikashuka, halafu nikarudi.

Alliance ananiambia kuna vijana wanavusha batu kwa maji, chini kule, wanabeba muzee mugongoni kama gunia. Mimi sitaki. Nilimutoa Emérance kwa daraja, mchana, sanduku yake ku kichwa yangu mwenyewe, soko nzima inatazama. Sitaenda kumulilia kwa njia ya wezi wa kahawa. Nitapita ku daraja, na karatasi, na koti yangu.

Wembe nimenoa. Ni ile ile yenye mpini wa pembe. Wewe usiguse kichwa. Ukimupa kichwa kinyozi mwingine, hata kama ni mutoto wa askofu, mimi na wewe tumemaliza.

Na ile mwaka wa sabini na tatu usinidanganye. Ulinyolewa mara ine kwa juma mbili. Ya ine ulikuja na kofia, ukaogopa kuivua.

Ni mimi shemeki,
Sosthène


Bwera, 2 Novemba 2020

Shemeji wangu mwenye wembe,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na ukiwa na meno yale manne niliyoyaacha. Mimi ni mzima isipokuwa mgongo. Mkeka ule ni mwembamba, na udongo wa Bwera ukipoa haujali mtu ni mjane.

Nywele sasa. Kichwa changu kimekuwa kama Rwenzori, miamba chini, theluji juu. Kanisani mama mmoja kutoka Bwesumbu aliuliza kama nimehamia dini ya wale wavuta bangi. Nikamwambia nimeteuliwa kuwa mzee wao wa kanisa. Kila akinipita anajiombea.

Kwa mdomo wa Kiiza umeuliza masharti ya kuingia. Wamefungua kidogo, kama mlango wa mtu mwenye mbwa. Nimemuuliza Tumwesigye, kijana wa jirani yangu aliyekuwa mlinzi Dubai, maana yeye ameyapitia mwilini. Kwanza unapimwa. Wanakuingizia kijiti puani mpaka kiguse jina lako la ubatizo. Halafu unapewa cheti, na cheti kinaishi masaa sabini na mbili tu, mafupi kuliko inzi. Cha Tumwesigye kilifikisha masaa sabini na tano njiani. Masaa matatu yakamfanya mgonjwa. Wakampeleka karantini siku kumi na nne, katika darasa la tatu la shule fulani, analala chini ya picha ya matunda. Anasema sasa anaweza kukutajia fenesi kwa Kiingereza hata ukimwamsha usingizini. Chakula mama yake alikuwa anakiacha kwenye ua, anarudi nyuma hatua kumi, wanapungiana mikono kama watu walio kwenye meli mbili.

Sasa nikikufikiria wewe na koti lako la harusi chini ya picha ya matunda, moyo unakataa. Siharakishi mimi. Emérance haendi mahali. Ngoja kwanza walegeze.

Jana nilikuta kitambaa chake cha kichwa kimening'inia nyuma ya mlango. Nilikiacha pale pale.

Wako,
Shemeji Eridadi, mzee wa wavuta bangi


Kasindi, 12 Desemba 2020

Shemeki,

Salamu ya Noeli ikutangulie. Tuko bazima. Barua hii anaiandika Alliance, mimi ninasema na yeye anashika kalamu, kwa sababu miwani yangu ilivunjika. Kwa hiyo leo hautaona matusi, mutoto anakataa kuyaandika.

Umesema vizuri. Tungoje. Kupimwa joto sisi tumezoea tangu Ebola, kipaji cha uso wangu kinajua ile kabunduki kama inavyojua maji ya baraka. Lakini karantene ya siku kumi na ine kwa muzee, apana. Umefanya vizuri kunionya.

Unakumbuka alivyokuwa anaimba akiosha batu vichwa? Wateja walifikiri anawaimbia. Alikuwa anahesabu vichwa, ili jioni nisimudanganye. Siku moja akanambia, yule Mukonzo wa ng'ambo mwenye masikio makubwa leo nimemuhesabu mara mbili. Nikajua mambo imeharibika.

Ngoja tu, shemeki. Nywele haiozi.

Sosthène, kwa mkono wa Alliance


Bwera, 20 Februari 2022

Kwa shemeji aliye ng'ambo ya maji,

Umepotea, au mimi ndiye nimepotea? Mwaka umepita na zaidi. Walitufunga tena, wakatufungua, shule zikalala karibu miaka miwili, Clare alikwenda nyumbani ni msichana wa daftari, amerudi shuleni ana kimo cha mwalimu. Nimechomwa sindano mbili. Mkono uliuma siku tatu na kwa siku hizo tatu sikuweza kulima, kwa hiyo naisifu sana. Wewe je? Alliance je? Miwani imepona?

Nikupe habari za masharti, kwa kuwa mimi ndiye mtu wako wa upande huu. Shemeji, yamekuwa magumu. Mimi mwenyewe nilisikitika. Mtu aliyepita miaka sabini sasa anakaa karantini siku thelathini, kwa sababu ugonjwa ukiingia kwa mzee unatembea polepole, unachelewa kuonekana. Hilo la kwanza. La pili linawahusu vinyozi. Wembe wa mpini wa pembe unawekwa karantini peke yake, ndani ya ndoo yenye mfuniko, siku kumi na nne, na unapimwa mara mbili. Usiniulize wanaupima puani wapi. La tatu, anayekuja kwa ajili ya msiba uliopita mwaka mmoja anahitaji barua ya chifu, barua ya padri, na picha ya marehemu akiwa anacheka. Picha ya Emérance anacheka hatuna. Mbele ya kamera aliweka uso wa mahakama, unamjua.

Kwa hiyo ni vigumu. Vigumu kabisa. Nilikuwa nimekwisha kufagia ua kwa ajili yako, ila basi, sheria ni sheria.

Nywele zinafika mabegani. Kuku mmoja anaziangalia vibaya. Asubuhi bado ninaweka vikombe viwili vya chai mezani, kwa mazoea ya mkono. Kimoja kinapoa, nakinywa baadaye.

Wako katika sheria,
Shemeji Eridadi


Kasindi, 11 Machi 2022

Shemeki mupendwa,

Tunakusalimu sana, tunashukuru Mungu kwa sindano yako na kwa uvivu yako. Nimesikia sheria zote tatu, Alliance amenisomea mara mbili, mara ya pili polepole. Ni kali, lakini serikali inajua kazi yake. Siku thelathini siwezi. Na wembe wangu nimeuelezea. Umekubali kwamba ndoo si nyumba yake.

Basi tubakie hivi hivi, kila mutu upande wake, tunaheshimiana kwa barua. Emérance anatuona. Miwani bado.

Shemeki wako,
Sosthène, kwa mkono wa Alliance

Baba Eridadi, mistari hii ni yangu, Papa ameenda kuoga, hajui. Navuka daraja na vitenge vyangu kila Ijumaa tangu mwezi wa kwanza. Naonyesha karatasi ya sindano, nanawa mikono, napita. Hakuna siku thelathini. Hakuna ndoo. Mtaa wetu wote tunajua, na Papa anajua kuliko mtaa. Aliposikia barua yako alicheka mpaka akashika mbavu, halafu akasema, "Asante Mungu." Nimechoka kuandika uongo wa wazee wawili. Na miwani haikuvunjika. Iko usoni mwake sasa hivi, anaoga nayo. Muulize mkono.


Bwera, 27 Machi 2022

Shemeji Sosthène,

Habari ya nyumbani? Mimi ni mzima. Nimekamatwa, lakini ni mzima.

Usimgombeze Alliance. Ungejua ni nani ametunga sharti la siku thelathini ungestahi ofisi yangu. Ofisi ina meza moja, kalamu moja, na kuku yule. Sharti la ndoo nililipitisha kwa kura zote. Kama wangeniweka mimi kwenye bariere tangu mwanzo, hata ugonjwa usingeingia, ungesoma masharti ukarudi.

Nitakuambia kwa nini, kisha usinitaje.

Mara ya kwanza, ile ya Tumwesigye, nilisema kweli. Lakini nilipokuandikia usiharakishe, nilisikia kifua kimelegea, kama mtoto aliyeambiwa mwalimu ni mgonjwa. Nikajiuliza kulikoni. Kumbe ni kitanda. Mkeka nimeuzoea, shemeji. Nikilala mkekani, kitanda kiko juu yangu, shuka lake limekaa kama alivyolitandika, na usiku nikigeuka nadhani yuko juu pale amenikasirikia, kama zile siku nilizochelewa kurudi kutoka Kasese na harufu ya pombe ya tonto mdomoni. Alikuwa ananitupia mkeka kwa mlango. "Lala huko mpaka harufu iishe." Miaka hii miwili nimekuwa nimechelewa tu kurudi. Ukija ukininyoa, nitapanda kitandani, na nitakuta hakuna mtu.

Ndiyo hiyo. Nimetunga sheria za nchi kwa ajili ya shuka.

Sasa wewe. Clare amenisomea mistari ya Alliance mara tatu, na mwisho wake unasema nikuulize mkono. Nakuuliza. Mkono umefanya nini? Mimi nimevua nguo yote hapa mbele yako, usiniache peke yangu uchi.

Shemeji yako,
Eridadi, waziri wa masharti, aliyejiuzulu


Kasindi, 10 Aprili 2022

Eridadi,

Ninaandika mwenyewe. Unaona herufi. Si panya imetembea ku wino, ni mimi.

Ilianza mwezi ya Desemba, ile ya kwanza. Mukono ya kuume. Inatetemeka kama iko na baridi, hata jua ikiwa kali. Nilikata sikio ya muteja, mutoto ya shule, kidogo tu, lakini mama yake alipiga kelele mpaka bariere. Tangu pale kibanda nimefunga. Batu banafikiri ni corona. Niliwaacha wafikiri.

Nikasema, dada yangu alinipa kazi moja. Moja. Na sina mukono ya kuifanya. Kila barua yako ikikuja na sheria mupya nilikuwa nasema asante. Siku thelathini, asante. Ndoo, asante. Ungetunga ingine ningeipokea.

Siwezi kukunyoa vizuri. Nitakukata. Mwenye kukuoza dada yake hapaswi kumwaga damu yako.

Lakini nimechoka kujificha, na Alliance ananitazama vibaya kwa meza. Nikikuja Ijumaa kisha ya Pasaka, utafanya nini na mukono hii?

Sosthène


Bwera, 26 Aprili 2022

Shemeji,

Umefika salama? Magoti hayajalalamika na ile boda? Mimi ni mzima. Kichwa ndicho kina baridi. Miaka miwili nimevaa blanketi juu, sasa upepo wa mlimani unaingia mpaka kwenye mawazo.

Nakuandikia kwanza kuhusu maski yako. Hukuisahau kwangu, niliiiba mfukoni mwa koti lako ulipokuwa unanawa. Ulipoondoka niliokota nywele zote pale uani, zilikuwa nyingi kama za kondoo wawili, nikajaza maski ikavimba, nikaifunga kwa zile kamba zake za masikio. Nimeizika kando ya kichwa chake, chini ya ule mgomba aliougombania na jirani. Kwa hiyo Emérance amepata nywele zangu na masharti yao pamoja. Ukitaka maski nyingine mwambie Alliance akushonee ya kitenge.

Pili, malalamiko. Clare amehesabu majeraha. Matatu kisogoni, moja juu ya sikio, na moja kwenye kidole changu mwenyewe, maana mkono wangu ulikuwa juu ya wako. Hayo siyalalamikii. Mikono miwili ya wazee kwenye wembe mmoja, tangu chai ya asubuhi mpaka jua likasimama utosini, jirani zangu wamekaa kwenye ukuta kama wanaangalia mpira, Tumwesigye anatoa maoni. Ulikuwa unatetemeka kushoto na mimi navuta kulia, na katikati yetu wembe ukapata njia. Sijawahi kunyolewa vibaya hivyo. Asante.

Malalamiko yangu ni haya. Ulipofuta wembe mara ya mwisho kwenye suruali, niligeuza shingo. Sikukusudia. Niligeuka kuangalia mlango, nangojea karai. Nilikaa hivyo mpaka Clare akaelewa, akakimbia jikoni kutafuta chumvi. Na wewe ulikuwa nyuma yangu, kisogo changu kiko wazi mbele yako, kimenyolewa, kinang'aa, na hukunipiga kofi. Uliweka ile mikono yako miwili mabegani kwangu kama padri. Hilo ndilo lililonitoa machozi mbele ya Tumwesigye, na sasa soko zima linajua.

Kitandani nimelala. Usiku wa kwanza sikulala, nilikaa tu ukingoni na kitambaa chake mkononi. Wa pili nililala upande wangu. Kikombe sasa ni kimoja, ila nakijaza zaidi.

Masharti ya kuingia Kongo nimemuuliza Alliance. Sindano, kunawa, kupita. Ijumaa ya soko nitavuka daraja. Fungua kibanda, hata kama wateja wengine hawaji, na tundika pazia, la kuku kama bado lipo. Nywele zimeota kidogo tu, kama mchanga ukiushika, hazifiki kunyolewa, lakini hata zamani hazikuwa zinafika. Mkono wangu nitakuja nao, tutashikana kama tulivyofanya.

Najua nyuma ya pazia hakuna mtu. Lakini nikigeuza shingo kuangalia, nipige.

Mteja wako wa Ijumaa,
Shemeji Eridadi